NANI ALIYELIGAWA KANISA?



Kila tunapokwenda matawini tunaulizwa swali moja. Wazee wanauliza, vijana wanauliza, na akina mama ndio wanaouliza zaidi. Wanasema: "Chama kitafanya nini juu ya wahubiri hawa wanaokuja kuligawa kanisa?" Mahali pamoja mhubiri alikaa juma moja tu, akaondoka na turubai lake, akawaacha ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Mahali pengine mkutano wa tawi ulivunjika kwa sababu nusu ya wanachama walikataa kukaa chumba kimoja na nusu ya pili. Na ugomvi wenyewe haukuwa wa siasa. Ulikuwa wa ubatizo.

Wako wanaotaka dawa ya haraka. Wanataka Serikali iwafukuze wahubiri hao, polisi wayafunge mahema yao, na maneno yaishe. Wako wengine wanaotuambia tunyamaze kimya, ati dini si kazi ya Chama. Sisi twasema wote wawili wamekosea. Na ili tuonyeshe kosa lao, twamwomba msomaji afuatane nasi mpaka Kongo, mwaka 1921, kwa mtu aliyeitwa Simon Kimbangu. Maana swali hili si geni. Liliulizwa zamani, nalo likajibiwa kwa mjeledi.

MWALIMU WA NKAMBA

Kimbangu alizaliwa katika kijiji cha Nkamba, Kongo ya Chini, mwishoni mwa miaka ya 1880. Wakati huo nchi ile yote, pamoja na watu wake, ilikuwa mali ya mtu mmoja: Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1915 Kimbangu na mkewe, Marie Muilu, walibatizwa na wamisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza. Akawa mwalimu wa dini kijijini. Baadaye alikwenda Léopoldville kutafuta kazi, kama walivyokwenda vijana wengi wa wakati ule, kisha akarudi kwao.

Tarehe 6 Aprili 1921 habari zilitoka kwamba amemwekea mikono mwanamke mgonjwa, akaomba kwa jina la Yesu, na yule mama akapona. Sisi hatubishani na mtu juu ya muujiza. Anayeamini na aamini, asiyeamini na asiamini. Tunalolijua ni yaliyofuata. Watu walikwenda Nkamba kwa maelfu. Wakawabeba wagonjwa wao mgongoni. Wafanyakazi waliyaacha mashamba ya Wazungu. Misheni za Kikatoliki zikawakosa waliokuwa wakijifunza ubatizo.

Je, mtu huyu alihubiri nini? Aliwaambia watu watupe hirizi zao. Aliwaambia mume awe na mke mmoja. Aliwaambia waache ngoma za ulevi, wasome Biblia, waimbe. Haya ndiyo wamisionari waliyokuwa wakiyafundisha katika nchi hiyo kwa karibu miaka 40, na mara nyingi hirizi zikabaki shingoni. Kimbangu alisema maneno yale yale, na hirizi zikatupwa njiani.

Basi ungedhani wakubwa wa misheni wangemshukuru Mungu. Wapi! Maneno yalikuwa mema, lakini mdomo ulikuwa mweusi, tena haukuwa na kibali.

MIEZI MITANO NA MIAKA THELATHINI

Mwezi wa Mei Bwana Léon Morel, msimamizi wa Serikali ya Kibelgiji, alikwenda Nkamba kujionea. Katika taarifa yake kwa wakubwa hakuandika kwamba ameona bunduki, wala mikuki, wala mtu anayepanga vita. Hofu yake ilikuwa nyingine. Aliona kwamba wenyeji watakuja kusema wamempata Mungu wa watu weusi na dini inayowafaa Waafrika. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Tarehe 6 Juni alirudi na askari. Kimbangu akawaponyoka, akafichwa na watu wake vijijini kwa miezi mitatu. Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba kwa miguu yake mwenyewe akajitoa, na aliwakataza wafuasi wake wasilipe ubaya kwa ubaya. Walimpeleka Thysville mbele ya mahakama ya kijeshi. Hakuwa na wakili. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kufa, na kabla ya kufa apigwe viboko 120. Kosa: kuhatarisha usalama wa dola na kuwachochea watu juu ya Wazungu.

Hapa lazima tuseme haki. Walikuwako wamisionari wa Kibaptisti walioandika kumwombea huruma. Mfalme Albert akaibadili hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Nao Wabelgiji wakamtoa kwao, upande wa magharibi kabisa wa nchi, wakampeleka Elisabethville, ambayo leo yaitwa Lubumbashi. Huko hakuna Kikongo. Huko lugha ya mtaani ni Kiswahili, hiki hiki tunachoandika hapa. Mtu aliyekuwa akiongea na maelfu alifungiwa mahali ambapo hata lugha ya mlangoni haikuwa ya mama yake.

Alihubiri kwa miezi mitano tu, kuanzia Aprili mpaka Septemba. Alifungwa kwa miaka 30. Alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, bila kurudi Nkamba.

Hata alipokufa hakuachwa alale. Ilisemwa kwamba alibatizwa Ukatoliki kitandani kabla ya kukata roho. Watu wake walikana kabisa. Kwa hiyo mtu aliyefungwa kwa sababu makanisa hayakumtaka, makanisa yakaja kugombea maiti yake!

TUANGALIE SHITAKA LENYEWE

Kuna shitaka lililosemwa mahakamani na kuna lililosemwa misheni. La misheni lilikuwa hili: amewagawa Wakristo.

Sasa tuulize kama watu wenye akili. Kabla Kimbangu hajafungua mdomo, Wakristo wa Kongo ya Chini walikuwa wamoja? La hasha. Kulikuwa na Wabaptisti wa Kiingereza, na Wabaptisti wa Kimarekani, na misheni ya Waswidi, na mapadri Waredemptori, na Majesuti. Kila mmoja alikuwa na mpaka wake, na nyuma ya mpaka ule mwenzake aliitwa mpotevu. Ikiwa kugawa Wakristo ni kosa la viboko 120, tungeomba kujua Bwana Morel aliwapiga viboko vingapi waliotangulia.

Wala tusicheke Kongo. Tuitazame ramani yetu wenyewe. Mtoto akizaliwa Machame ni Mlutheri. Akizaliwa Kilema, mlima ule ule, mgomba ule ule, ni Mkatoliki. Rungwe ni Mmoraviani. Ugogoni ni Mwanglikana wa namna moja, Masasi ni Mwanglikana wa namna nyingine, na toka Masasi si mbali kufika Ndanda walikojenga Wabenediktini. Je, mtoto huyo alichagua? Babu yake alichagua? Alichaguliwa na meli iliyotangulia kufika, na kijiji ambacho mmisionari wa kwanza alipewa kiwanja.

Baada ya kanisa ikaja shule. Shule ikawa na dhehebu, zahanati ikawa na dhehebu, hata makaburi yakawa na dhehebu. Aliyetaka kusoma alijua asali wapi. Hapo ndipo ufa ulipoanza. Mhubiri wa turubai ameukuta. Yeye ametia kidole tu.

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tunalikumbuka jambo moja lifaalo kukumbushwa. Mwaka 1969, sheria ya elimu ya Tanzania ilipozitwaa shule za misheni zikawa za umma, haikufunga kanisa, haikumnyang'anya padri kengele yake wala mchungaji joho lake. Iliondoa kitu kimoja tu: ile hali ya mtoto kulipa dhehebu lake ili apate kalamu. Wale waliosoma madarasa yale walikaa benchi moja, Mlutheri na Mwislamu na Mkatoliki, na kwa hao ubatizo haukuwa sababu ya kunyimana chumvi. Hiyo ndiyo kazi ya siasa iliyo safi. Huendi kupigana na imani ya mtu. Unaondoa faida ambayo mtu mwingine anaipata kwa kumtenga na jirani yake.

MJELEDI ULIFANYA NINI?

Sasa twageuka kwa wale ndugu zetu wanaotaka polisi. Twawauliza: Wabelgiji hawakuwa na polisi? Walikuwa nao, na jeshi, na mahakama bila wakili, na nchi kubwa ya kuhamishia watu. Waliwakamata wafuasi wa Kimbangu kwa maelfu wakawatawanya mbali na kwao. Matokeo yake? Waliitawanya mbegu. Palipopelekwa mfungwa mmoja, baada ya muda palikuwa na watu wanaosali naye. Nyumbani Marie Muilu aliwatunza waliobaki kwa siri, mwaka baada ya mwaka, mpaka kufa kwake mwaka 1959.

Mwaka 1957 viongozi wapatao 600 wa watu hao walimwandikia Gavana Mkuu. Walimwambia kwamba wamechoka kukamatwa mmoja mmoja kila wanaposali, basi watakusanyika uwanjani bila silaha, na yeye achague kuwakamata wote kwa mara moja au kuwaua. Gavana hakuthubutu. Tarehe 24 Desemba 1959 kanisa lao lilikubaliwa kisheria. Mwaka 1960, miezi michache kabla ya uhuru wa Kongo, mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba. Mwaka 1969 kanisa hilo lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Na tangu mwaka 2023 Serikali ya Kongo imeifanya tarehe 6 Aprili kuwa sikukuu ya taifa.

Huo ndio ushindi wa mjeledi! Ulitaka kuua kikundi cha kijiji, ukazaa kanisa la mamilioni. Basi mwanachama anayesimama mkutanoni kuomba mhubiri akamatwe kwa sababu anahubiri tofauti na mchungaji wake, anaomba kazi ya Bwana Morel. Chama hiki hakikuundwa ili kiirithi kazi hiyo.

LAKINI TUSIISHIE HAPO

Msomaji mwenzetu wa siasa atafurahi tukifunga mlango hapa. Mbelgiji amelaumiwa, misheni imelaumiwa, twende tukanywe chai. Hapana. Ukweli una mguu wa pili, nao unatukanyaga sisi.

Mwishoni mwa mwaka 1971, Serikali ya Mobutu ilitoa sheria ya madhehebu. Kati ya makanisa ya Kikristo yaliyopewa kibali kwanza lilikuwamo kanisa la Kimbangu. Makanisa mengi mengine yaliyoanzishwa na Waafrika, tena mengine ya manabii kama yeye, yalinyimwa. Kanisa lililotoka gerezani likakaa kiti cha mbele karibu na Rais, na wenziwe wakabaki nje ya mlango. Hatukusikia kwamba lilikataa kukaa mpaka wenziwe waingie.

Kisha ukaja urithi. Kanisa liliongozwa na mwana wa Kimbangu, Joseph Diangienda, mpaka alipofariki mwaka 1992. Akafuata ndugu yake, Salomon Dialungana, mpaka mwaka 2001. Alipofariki huyu, wajukuu wakagombana. Mmoja alikikalia kiti cha babu. Binamu zake wakasema kiti ni cha wajukuu wote 26 kwa pamoja. Waumini wakagawanyika, huku na huko, familia kwa familia, kwaya kwa kwaya. Mbelgiji alikuwa ameondoka zamani. Hakukuwa na mmisionari wa kusingizia. Kilichogombewa hakikuwa aya ya Biblia. Kilikuwa kiti.

Zaidi ya hayo, wafuasi wengi wakafika mahali pa kufundisha kwamba Kimbangu ndiye Roho Mtakatifu mwenyewe, na Krismasi ikahamishiwa tarehe 25 Mei, siku aliyozaliwa mwanawe Dialungana. Kila mtu ana haki ya kuamini atakavyo, na sisi si wahukumu wa mafundisho. Lakini tuna haki ya kusikitika. Mtu aliyewaambia watu watupe hirizi, jina lake mwenyewe likafanywa hirizi.

Basi swali letu la kwanza limepata jibu, nalo si tamu. Kanisa liligawanywa na mgeni aliyetaka kila kijiji kiwe na bwana wake. Likagawanywa tena na mwenyeji aliyetaka kiti. Mhubiri hugawa pale tu penye mtu anayenufaika na mgawanyiko. Ukitaka kujua nani aliyeligawa kanisa, usimtazame anayepaza sauti jukwaani. Tazama ni nani anayehesabu sadaka, ni nani anayehesabu kura, na ni nani aliyekwisha jiandalia kiti.

NA SHAKAHOLA JE?

Tunajua mtu atainuka na kusema: "Ninyi mnatetea wahubiri. Mmesahau Shakahola?" Hatukusahau. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Walikuwa watu waliofunga chakula mpaka wakafa, na watoto wakiwamo. Mashitaka yalifikishwa mahakamani, na hukumu ni ya mahakama, si ya gazeti.

Lakini angalieni tofauti. Mahali ambapo mtoto ananyimwa chakula, ananyimwa dawa, ananyimwa shule, pale pana jinai. Serikali haina haja ya kuuliza dhehebu. Iingie siku ile ile. Na uchungu wa Shakahola si kwamba wahubiri walikuwa na uhuru mwingi mno. Uchungu ni kwamba watoto waliondoka shuleni na majumbani, na majirani na wenye mamlaka hawakuwafuata kwa wakati. Polisi waliochelewa kwa mtoto anayekufa njaa, wasije wakawahi kwa bibi anayeimba pambio.

Nkamba waliwahi wakamfunga asiyeua. Shakahola wakachelewa, na watu wakafa. Anayeyachanganya mambo hayo mawili, ama hajui anachosema, ama anajua sana.

CHAMA KIFANYE NINI?

Sasa twafika kwetu nyumbani, na maneno haya hayatampendeza kila mtu.

Kwanza, tawi la Chama lisiwe mahakama ya dini. Mwanachama akibatizwa mara ya pili, au ya tatu, hiyo ni habari yake na Mungu wake. Kadi yake ya Chama haikuandikwa dhehebu. Katibu wa tawi anayemnyima mwanachama nafasi ya kusema kwa sababu amehama kanisa aambiwe aache, na asipoacha aondolewe.

Pili, tawi lisiwe kwaya ya mhubiri yeyote. Hapa tunasema na wakubwa wetu. Wako viongozi wa Chama, nao wanajijua, ambao uchaguzi ukikaribia hukumbuka njia ya kanisani. Huketi kiti cha mbele. Hutoa bahasha mbele ya watu. Mhubiri huwawekea mikono, na kesho yake huambiwa waumini kwamba Bwana amekwisha kuchagua. Jumapili inayofuata kiongozi yule yule yuko kwa mhubiri wa pili, adui wa yule wa kwanza, na bahasha nyingine. Halafu mtu huyo huyo husimama mkutanoni akalia kwamba wahubiri wanawagawa wananchi! Ndugu, wewe ndiye uliyenunua turubai.

Mobutu alijua kazi hiyo. Alimpa huyu kibali, akamnyima yule, na wote wakamhitaji. Kiongozi anayefanya hivyo katika kata moja ni Mobutu mdogo, hata akivaa kofia ya Chama.

Tatu, turudi kwenye mambo yanayotukalisha benchi moja. Kisima hakina dhehebu. Bei ya pamba na kahawa haina dhehebu. Mwalimu asiyekuwapo darasani hafundishi Walutheri wala Wapentekoste. Tumeona kwa macho yetu tawi lililokuwa limepasuka kwa ubatizo likikutana tena kwa sababu ya daraja lililochukuliwa na maji. Hakuna aliyehubiri siku hiyo. Walibeba mawe, na aliyebatizwa kwa maji mengi alimpokezana jiwe na aliyebatizwa kwa maji machache.

Nne, mhubiri aulizwe maswali yale yale anayoulizwa mweka hazina wa tawi. Fedha iko wapi? Nani ameihesabu? Nani atakalia kiti ukiondoka, mwanao au aliyechaguliwa? Mhubiri mwema hatakasirika. Na akikasirika, waumini wenyewe watakuwa wamekwisha kupata jibu, bila polisi.

MWISHO

Twajua tutaulizwa sisi tu wa dhehebu gani hata tuandike haya. Hatutajibu. Tunaoandika hapa tulikutana kwenye Chama, na tulikwisha fanya kazi pamoja miezi mingi kabla hatujajua nani kati yetu husali Jumamosi na nani husali Jumapili. Tunataka kila tawi liweze kusema hivyo.

Kimbangu alikaa miaka 30 katika mji wa Waswahili bila kosa la kumwaga damu. Walinzi walimlinda, mapadri walimshuku, na wafuasi wake baadaye walimgombea. Tungependa kujua kama katika muda wote huo alitokea mtu mmoja wa kumsalimu tu kama jirani, asimwulize kanisa lake. Salamu hiyo ndiyo tunayoidai kwenu, wanachama, katika mkutano ujao wa tawi. Njooni wote. Kaeni chumba kimoja. Agenda ya kwanza iwe kisima.

UHURU NA UMOJA!